"Asili" ya Lacock ni ipi?

Kuna neno linanikera kila ninaposoma habari za majengo ya kale: "asili". Eti jengo lirudishwe katika hali yake ya asili! Linasikika kama neno la busara. Mimi nasema ni neno la uvivu, na tusipoangalia linageuka kuwa uongo.

Chukua Lacock Abbey, jumba la mashambani kule Wiltshire, Uingereza. Lilianza mwaka 1232 kama nyumba ya watawa wa kike, chini ya Ela, mjane tajiri wa Salisbury. Mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akifunga nyumba za watawa nchi nzima, nayo ikafungwa. Akainunua William Sharington. Akabomoa kanisa, akaziacha varanda za watawa zenye matao, akajenga mnara wa pembe nane. Bwana huyu ndiye aliyekamatwa mwaka 1549 kwa wizi katika kiwanda cha sarafu cha Bristol. Alisamehewa, mnara ukabaki.

Katika miaka ya 1750 mwenye nyumba mwingine, John Ivory Talbot, akajenga ukumbi mpya kwa kuigiza mtindo wa zama za kati. Yaani kipya kilichovalishwa ukale! Kisha akaja mrithi, William Henry Fox Talbot, akaongeza madirisha yaliyochomoza nje ya ukuta.

Haya, wapenda asili, semeni: tubomoe kipi? Mkitaka 1232, mnara uondoke, ukumbi uondoke, madirisha yaondoke. Lakini Agosti 1835 Talbot alilipiga picha dirisha mojawapo kati ya hayo, na ile negativu ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Mtalifuta dirisha hilo kwa sababu lilichelewa kuzaliwa?

Najua kuna atakayeniuliza: kwa hiyo kila mwenye pesa abomoe apendavyo? La hasha. Sharington alipobomoa kanisa alifuta karne tatu za sala za wanawake wale, na simpigii makofi. Lakini anayekwangua kazi ya Sharington leo anarudia kosa lile lile, tena anafuta ushahidi kwamba kanisa liliwahi kubomolewa. William Morris aliliona hili. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, akiwapinga wasanifu waliokuwa wakiyakwangua makanisa ili yaonekane ya karne moja tu.

Nyumba ya kale ni kumbukumbu ya waliokaa humo, watawa na wezi, waungwana na waigizaji. Rekebisha paa linalovuja, imarisha ukuta unaoinama. Lakini ukichagua karne moja na kuzifuta nyingine, usiniambie umehifadhi historia. Umeihariri, na mimi kazi ya kuhariri ninaijua: kinachokatwa mara nyingi ndicho kinachomwaibisha mtu.

Wewe unasemaje?