Pima Kabla ya Kushuku

Baba yangu alinunua motokaa ya dizeli iliyokwisha tumika, akaambiwa kwamba lita moja huipeleka kilometa 15. Dereva ni kaka yangu. Mafuta yalipokwisha upesi kuliko hesabu, baba alimshuku kuwa anayauza, na kwa majuma mawili hawakula sinia moja.

Likizo iliyopita nilipima mwenyewe. Tulijaza tangi mjini Morogoro, tukapita Bigwa na Mkuyuni hadi Matombo, tukarudi, tukajaza tena pale pale. Nikagawanya kilometa kwa lita: 10 tu! Mwizi alikuwa milima, mashimo na mikungu ya ndizi tuliyopakia.

Sisemi kwamba dizeli ni mbaya. Injini yake huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila cheche, na huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, yafaa milimani. Lakini namba ya muuzaji si namba ya Uluguru. Yafaa kila mwenye gari aweke daftari la mafuta na safari.

Baba alisoma hesabu yangu, akamwita kaka waje kula. Je, ni madereva wangapi waliofukuzwa kazi kwa kosa la barabara?