Ramani ya Pwani na Mawe Yanayoanguka

Aghalabu somo la maumbo ya pwani huishia ubaoni: mwalimu huandika fasili ya rasi na ghuba, nao wanafunzi hunakili. Katika kisiwa kama Unguja njia hiyo haitoshi. Baadhi ya sehemu za pwani yake ya mashariki ni majabali ya mawe ya chokaa, yaliyotokana na matumbawe ya kale. Maji ya bahari huyala mawe hayo upande wa chini, na viumbe wadogo huyatoboa. Hatimaye upenu wa juu hukosa tegemeo ukaanguka.

Basi mwanafunzi na achore anachokiona. Maji yakipwa, darasa lipime kwa hatua kipande kifupi cha pwani, kisha kila kundi litie alama mahali palipoliwa, nyufa, na mawe yaliyoanguka. Jiwe lenye uso mweupe aghalabu limeanguka karibuni kuliko la kijivu.

Wapo wasemao kwamba jabali halibadiliki katika umri wa mtoto. Tarehe 8 Machi 2017, katika kisiwa cha Gozo nchini Malta, tao mashuhuri la mawe ya chokaa liliporomoka baharini wakati wa dhoruba. Kwa hiyo ramani ya mwaka huu ihifadhiwe, ilinganishwe na ya mwaka ujao.

Mwalimu atangulie kuikagua pwani, wala asimruhusu mtoto yeyote kusimama chini ya upenu. Ramani isiyoonyesha hatari ni pambo la ukutani tu.