Mutoto wa lugha mbili aende ku masomo gani?



Dada yangu iko na mutoto wa miaka sita. Na bibi yake anasema Kiswahili, na baba yake Kifaransa. Karibu na kwao kuko masomo mbili za prive. Katika ya kwanza, mutoto akisema Kiswahili, hata kwenye kiwanja, anavikwa kipande cha ubao shingoni mpaka akamate mwenzake. Katika ya pili, hesabu inaanza kwa Kiswahili, halafu inapita pole pole kwa Kifaransa. Shemeji anapenda ile ya kwanza, maana eti watoto wake wanasema kama Wabelgiji.

Mimi nakataa. Katiba ya 2006 inaita Kiswahili lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya masomo ya 2014 nayo inatambua lugha hizo kuwa za kufundishia. Basi nani aliwapa ruhusa ya kuazibu mutoto juu ya lugha ya bibi yake?

Mutu asiseme nachukia Kifaransa. Egzamen detat tunaiandika kwa Kifaransa, na mwenye kuanguka pale ameanguka kweli. (Disertasio ilinishinda mimi mwenyewe.) Lakini mutoto asiyefahamu kugawanya kwa lugha yake, atafahamu namna gani kwa ile anayoogopa?

Nilimwambia dada: usiangalie iniforme. Enda saa ya mapumziko, simama kando ya ukuta, sikiliza.

Alienda siku ya ine. Kule kwa ubao, kiwanja kilijaa watoto, na kilikuwa kimya.