Mlango Umefungwa, Ufunguo Umo Kitasani

Upo uvivu unaojivika joho la ufanisi. Ofisi ya umma hutaka seva yake ifungue yenyewe, usiku wa manane, mafaili yaliyosimbwa: taarifa za wagonjwa, mishahara, malalamiko ya raia. Nywila inayolinda ufunguo wa siri inakwaza, kwa kuwa hapana mtu wa kuiandika saa hizo. Basi huondolewa, au huandikwa waziwazi ndani ya programu ileile inayofungua mafaili. Kazi inakwenda, wakubwa wanapongeza.

Tuulize: kimebaki nini cha siri? Nywila haikuwekwa ili kuwasumbua watumishi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba faili la ufunguo likiibwa, mwizi asiweze kulitumia. Ufunguo na nywila vikilala katika diski moja, aibaye diski ameiba vyote. Mdukuzi, au mtumishi mwenye tamaa, atasoma maisha ya watu kwa jina la mashine. Mali bila daftari huisha bila habari.

Watetezi wa mtindo huu hudai kwamba kazi za usiku haziwezekani vinginevyo. Hiyo ni nusu ya kweli. Kusimba hakuhitaji nywila. Huhitaji ufunguo wa umma tu, ambao hata ukionekana na dunia nzima hauwezi kufungua faili. Seva inayosimba nakala za akiba kila usiku haina sababu ya kumiliki ufunguo wa siri. Kufungua ndiko kunakodai siri, na aghalabu kunaweza kumsubiri mtu hadi asubuhi, aandike nywila na awajibike. Wala hataiandika kwa kila faili: GnuPG, isipobadilishwa mipangilio, huikumbuka kwa dakika 10 tangu ilipotumika mara ya mwisho, hadi kikomo cha saa 2.

Palipo na ulazima wa kweli, mashine ipewe ufunguo wake wa kazi hiyo moja, uhifadhiwe ndani ya kifaa kisichoruhusu kunakiliwa, na kila matumizi yaandikwe.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zitabaki karatasi iwapo wananchi hawataziuliza ofisi zao maswali mawili: ufunguo unalala wapi, na jana uliutumiwa na nani? Mtumishi asiyeweza kuyajibu hana haki ya kutuambia kwamba taarifa zetu ziko salama.