Muhogo Mchungu Hautaki Haraka

Yako maradhi ambayo humjia mtu polepole, akapata nafasi ya kujiandaa. Konzo si mojawapo. Mtoto hulala mzima. Kunapokucha husimama, miguu ikakakamaa na kutetemeka, akaanguka. Mara nyingi yote huwa yametimia katika muda usiozidi siku moja. Akili yake ni timamu, lakini mishipa ya fahamu inayopeleka amri ya ubongo miguuni imekwisha kudhurika, na hadi leo hakuna dawa ya kuiponya. Atatembea kwa ncha za vidole, au kwa magongo. Aliyeshikwa vibaya zaidi hatatembea tena.

Jina hilo ni la Wayaka wa Kwango, nchini Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli, Mwitaliano, aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Hapa kwetu ulizuka Tarime mwaka 1985, na baadaye Mtwara na Mbinga mnamo mwaka 2002 na 2003. Palipo na pigo la ghafla namna hiyo, si ajabu jirani akatazamwa kwa jicho la uchawi. Mchawi hayumo. Tutazame chunguni.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi iliyofungamana na kitu kiitwacho linamarini. Mkulima huupenda kwa sababu hustahimili ukame, na nguruwe na panya huuogopa. Wazee wetu waliujua vema. Waliuloweka au kuuvundika, wakauanika mpaka ukawa udaga au makopa makavu, kisha wakautwanga. Katika siku hizo muhogo hulainika, kimeng'enya kilichomo huivunja linamarini, na sumu hutoka pamoja na maji na hewa. Kuuchemsha tu hakutoshi, kwani moto hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi yake.

Basi kosa si la muhogo. Ni la siku zilizopunguzwa. Njaa ikibisha hodi, mama mwenye watoto wanaolia hana siku za kungoja. Tena wakati huohuo mboga huwa zimetoweka. Mwili una njia ya kuivunja nguvu sianidi kidogo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, ambayo huipata katika protini ya samaki, nyama, mayai na maharage. Mtu alaye ugali wa muhogo mchungu asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, bila kitoweo cha maana, hupokea sumu na huku amenyimwa kinga.

Sisi wa mijini tusidhani kwamba habari hii haituhusu. Katika jimbo la Bandundu, Kongo, watafiti waligundua kuwa barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilileta wanunuzi wengi wa muhogo. Ili kuwahi soko, vijijini wakapunguza siku za kuloweka, na konzo ikaongezeka kwao wenyewe. Fedha iliingia, miguu ya watoto ikatoka.

Tufanye nini? Ndugu zako wakikuandikia kwamba mvua imekatika na wanakula muhogo peke yake, pamoja na fedha peleka dagaa na maharage. Waambie wasipunguze siku za kuvundika, hata kama jirani amepunguza.

Na unga ukiwa umekwisha sagwa, bado ipo njia rahisi, iliyobuniwa na Profesa Howard Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli, weka alama mahali unapofikia. Ongeza maji huku ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifikia tena ile alama, acha. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usiozidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipae. Siku hiyohiyo songa ugali kama kawaida. Njia hii ilipofundishwa kwa akina mama wa kijiji kimoja cha Popokabaka, Kongo, na kufuatwa kwa miezi mingi, hapakutokea mgonjwa mpya.

Akina baba nao wasiseme kuwa hayo ni mambo ya jikoni. Anayeuza maharage yote ya ghalani huwaachia watoto muhogo mtupu. Na mtu yeyote akishikwa na kizunguzungu, kutapika na kuumwa kichwa baada ya kula ugali wa muhogo, apelekwe hospitali mara moja, na unga uliobaki usipikwe.

Konzo haina tiba, lakini kinga yake ni mkeka, maji, jua na subira ya saa mbili.