Hatuko Upande Wowote, Isipokuwa Ule Unaolipa

Kuna neno serikali yetu imelitumia mpaka limechakaa: kutoegemea upande. Lasemwa kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa, lasemwa kwenye taarifa za wizara, na mimi kila nikilisikia huuliza kwanza ni mgeni gani yuko hotelini Nairobi wiki hiyo.

Tarehe 18 Februari 2025 wageni walikuwa RSF, na ukumbi ulikuwa KICC. Ndio wale wale wapiganaji wa Hemedti, walio vitani na jeshi la Sudan tangu tarehe 15 Aprili 2023. Wiki sita kabla ya mkutano huo Marekani ilikuwa imetangaza kwamba wamefanya mauaji ya kimbari. Haikuzuia kitu. Walipokelewa, na siku chache baadaye, hapo hapo Nairobi, wao na washirika wao wakatia saini hati ya kuunda serikali yao wenyewe, kando na ile ya Port Sudan. Wizara ya Mambo ya Nje chini ya Musalia Mudavadi ikatuambia Kenya inatoa jukwaa tu la mazungumzo.

Mazungumzo na nani, jamani? Upande wa pili haukuwa ukumbini. Ndugu wawili wakigombania nyumba ya marehemu baba yao, kisha msuluhishi akakaa na mmoja peke yake na kumsaidia kuandikisha nyumba kwa jina lake, hapa Mji wa Kale tuna majina mengi ya kumwita mtu huyo. Msuluhishi si mojawapo.

Sudan ikamwita balozi wake nyumbani wiki ile ile. Mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya, na hapo ndipo mambo ya wakubwa wa Nairobi yalipotufikia sisi huku kisiwani.

Wengi wanaichukulia chai kama habari ya Kericho. Lakini mnada wake uko Mombasa tangu mwaka 1969, na si wa chai ya Kenya peke yake. Ya Uganda yaja hapa, ya Rwanda, ya Burundi. Hulazwa kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe, huonjwa, huuzwa, hupakiwa melini. Sudan ilikuwa katika wateja wakubwa wa chai yetu, na ni wanywaji kwelikweli. Khartoum kabla ya vita, wanawake wauza chai walikuwa kila kona, na mkaa wao, birika zao, viti vifupi na glasi ndogo, na mengi ya majani yale yalikuwa yamepita bandari hii. Marufuku ilipotoka, makontena yakakwama, mengine bandarini, mengine tayari baharini. Mkulima wa Kisii hakualikwa KICC. Wala hakualikwa kijana wa Shimanzi anayebeba magunia kwa malipo ya siku, ambaye kontena lisipoondoka siku yake haipo.

Basi nani alifaidika? Falme za Kiarabu zimeshutumiwa mara nyingi kwamba zawapa RSF silaha, zenyewe zakana. Tarehe 14 Januari 2025 Kenya ilitia saini nazo mkataba mkubwa wa biashara huko Abu Dhabi, na mkopo wa dola bilioni 1.5 ulikuwa mezani. Mwezi mmoja baadaye, wageni KICC. Serikali ikisema haya mambo hayahusiani, sawa, lakini ituambie kitu kingine tulichopata, maana hasara twaiona kwa macho.

Najua jibu litakalokuja: kwani Burhan ni malaika? La hasha. Yeye na Hemedti walipindua serikali pamoja Oktoba 2021, na jeshi lake limeshutumiwa kwa kupiga raia kwa mabomu. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kutomkumbatia yeyote kati yao. Kujumuika na muuaji mmoja kwa hoja kwamba na mwenzake ni muuaji, hiyo ni hesabu ya wapi?

Na sisemi Kenya isiwe na msimamo. Februari 2022 Martin Kimani alisimama kwenye Baraza la Usalama akaeleza kwa nini Afrika, yenye mipaka iliyochorwa na wakoloni, haiwezi kukubali Urusi ikate vipande vya Ukraine. Wiki iliyofuata tukapiga kura pamoja na nchi nyingine 140, wakati Tanzania na Uganda zilijizuia. Ukikubali au ukikataa, ulikuwa msimamo uliosemwa kwa sauti, mchana. Na kama ni kusuluhisha, pia twajua. Jenerali Lazaro Sumbeiywo alikaa na Khartoum na SPLM, Machakos, Naivasha, kwa miaka, mpaka wakatia saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Alikuwa na pande mbili mezani. Heshima tuliyoipata pale ndiyo iliyotumiwa KICC kama vile ni pesa za mfukoni.

Mombasa ina kumbukumbu ndefu ya kujificha nyuma ya mkubwa. Mwaka 1824 Wamazrui, wakimhofia Seyyid Said wa Oman, walimpokea Kapteni Owen na bendera ya Uingereza ikapepea hapa. London haikuwahi kuikubali vizuri. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, Waingereza wakaenda zao. Seyyid hakwenda popote. 1837 mji ulikuwa wake, na wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali. Lakini wao angalau walikuwa na meli za adui mlangoni. Sisi nani alitutishia?

Tarehe 26 Oktoba 2025 RSF waliiteka El Fasher, baada ya kuizingira kwa zaidi ya mwaka mzima. Picha za mauaji walizirekodi wenyewe kwa simu zao. Bado Bunge halijatupa jibu moja kamili: ni nani, kwa jina na cheo, aliyetoa ruhusa ya ukumbi ule, na fidia ya yale makontena iko kwenye bajeti ya wizara gani?