Fizi kwanza, utando baadaye

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako kuhusu utando wa faibrini unaotumika kutibu ugonjwa wa fizi. Nakuandikia kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Mama yangu aling'olewa meno manne yaliyokuwa yakicheza, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba damu aliyokuwa akitema kila akipiga mswaki ilikuwa onyo la ugonjwa wa fizi.

Utando huo, ulioanzishwa na daktari Mfaransa Joseph Choukroun mwaka 2001, unanipa matumaini kwa sababu dawa yake ni damu ya mgonjwa mwenyewe. Inazungushwa kwenye mashine kwa dakika kama 10 bila kutiwa dawa ya kuzuia kuganda, kisha donge la faibrini lenye chembe sahani linawekwa pale mfupa ulipolika.

Lakini donge hilo halifanyi kazi juu ya uchafu. Ukoga mgumu uondolewe kwanza, sigara iachwe, kisukari kidhibitiwe.

Ombi langu: kusafisha meno kuwe huduma ya kawaida katika vituo vyote vya afya vya Rungwe, kama kung'oa kulivyo. Mchuma chai asingoje jino licheze ndipo apande gari kwenda Mbeya.